Waliokuwa Wakinishikia Mpira

Mwanangu Eliaika,

Umepanda kwa bibi yako kumuaga, na najua hatakuachia mpaka umalize bakuli la loshoro, makande yake ya maziwa ya mgando, kwa hiyo nina muda. Jua bado liko juu ya migomba. Nimekaa kwenye benchi langu la kazi, nimesogeza randa na misumari pembeni nipate mahali pa kuweka karatasi. Tangu utoke nimekuwa nikiinua kichwa kusikiliza kama uko jikoni. Hujaondoka bado, na nyumba imeshaanza kujizoesha kukaa bila wewe.

Mambo ya safari sitayaandika. Bibi yako ameshakuonyesha namna ya kuficha nauli, mchungaji amekuombea, na mwalimu wako amekueleza habari za chuo ambazo mimi sizijui, maana sikupita darasa la nne. Kesho kwenye basi sitaweza kusema kitu. Unanijua. Nitapandisha mzigo wako, nitauliza kama dirisha linafunga vizuri, halafu nitasimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata. Ndiyo maana nakuandikia leo. Nataka kukusimulia habari ya mkono wangu na ya mama yako. Uliishi humo ndani na uliyaona yote, lakini uliyaona kwa macho ya mtoto, na mimi sijawahi kukaa nawe tukayazungumza.

Wakati ule nilikuwa seremala mjini Arusha, kwenye karakana ya Singasinga mmoja, Mzee Kartar. Tulikuwa tunaunda mabodi ya malori kwa mbao. Nilipanga chumba Sokon, nikawa napanda huku mlimani Jumamosi mchana na kushuka tena Jumatatu alfajiri. Ndoa yetu mimi na mama yako ilikuwa ya Jumamosi na Jumapili. Wewe ulikuwa ukinisalimia shikamoo kama unavyomsalimia mgeni, kisha unajificha nyuma ya gauni lake mpaka unizoee, na ukishanizoea muda wangu wa kuondoka unakuwa umefika.

Siku moja ya masika tulikuwa tunashusha ubao wa ubavu wa lori, mzito, umelowa maji. Mwenzangu alitaka tungoje mtu wa tatu. Mimi nikasema tunatosha. Sikuwa na haraka yoyote, mwanangu, nilipenda tu kuonekana mtu asiyehitaji kusaidiwa. Mguu wangu uliteleza kwenye tope, ubao ukaniangukia, na mfupa wa mkono wa kulia ukavunjika karibu kabisa na bega.

Walinileta hospitali ya misheni hapa Nkoaranga, mkono ukafungwa. Mfupa uliungana vizuri. Lakini siku ile walipofungua bandeji niliangalia mkono wangu nikadhani ni wa mtu mwingine. Ulikuwa umenywea, ngozi inalegea, na nilipojaribu kuinua kikombe cha chai kilibaki pale pale mezani. Bwana mganga alinieleza kwamba mfupa umeshika, kilichobaki ni misuli, nayo itarudi kwa kufanyishwa kazi kidogo kidogo. Akaniacha na dresa wake, mfunga vidonda, Mzee Naftali, ambaye wakati wa vita alikuwa akihudumia hospitali ya askari. Huko alikuwa ameona majeruhi wakivuta vipande vya mpira ili kurudisha nguvu za mikono na miguu, na bwana mganga naye aliijua njia hiyo na kuikubali. Kilichotakiwa ni tyubu ya gurudumu la lori.

Vita vilikuwa vimekwisha si zamani sana, na tyubu nzima ilikuwa kitu adimu. Mzee Kartar alituma moja yenye viraka vitupu. Mzee Naftali aliikata kwa mkasi wa hospitali, akakwepa viraka, akapata vipande vitatu: chembamba, cha wastani, na kimoja kipana kama kiganja. Akasema nianze na kile chembamba na nisikiguse kipana mpaka yeye mwenyewe aniambie.

Unakumbuka jinsi ilivyofanywa, lakini acha niieleze, kwa sababu napenda kuikumbuka. Nilisimama ubavu kwa mama yako, kiwiko nimekibana mbavuni, na katikati ya kiwiko na mbavu kitambaa kilichokunjwa, kikianguka ujue umekosea. Mama yako alishika ncha moja, mimi nikashika nyingine, nikapeleka kiganja nje polepole kama mtu anayefungua mlango mdogo. Kisha kurudi. Mzee Naftali alisisitiza sana habari ya kurudi. Ukiuachia mpira ukurudishe wenyewe hujafanya kitu, alisema, urudi nao taratibu kuliko ulivyokwenda. Uchovu wa msuli ni sawa, lakini maumivu ya kuchoma kama sindano ni ishara ya kuacha. Nikamwuliza kwa nini nisifunge ile ncha kwenye nguzo ya mlango, mama Eliaika apate kuendelea na kazi zake. Akasema nguzo nitaifikia baadaye. Mwanzoni ni afadhali mtu, kwa sababu mtu anakutazama usoni, akiona umeumia analegeza.

Basi kila jioni mama yako alinishikia. Alikaa kwenye kigoda pale mlangoni, ncha ya mpira mkono wa kushoto, na mkono wa kulia akichambua maharage kwenye ungo uliokuwa mapajani. Hakuwa mtu wa kupoteza mkono mzima kwa kazi moja. Na tulizungumza. Miaka yote tuliyooana hatukuwa tumezungumza hivyo, maana nilikuwa nikifika nimechoka na kuondoka kukiwa giza. Alinieleza alivyokuwa akiogopa umeme wa radi peke yake na wewe, jinsi mti fulani wa kahawa ulivyozaa upande mmoja tu, alivyokuwa akinihesabia mashati akijua lipi nimelivaa siku ipi. Niliona aibu kidogo kugundua kwamba mtu huyu alikuwa na maisha marefu hivi ya katikati ya wiki ambayo sikuyajua.

Hata hivyo sikutulia. Nilikuwa nawaza benchi langu la mjini, nikiona mtu mwingine amesimama mahali pangu na ananoa patasi zangu. Siku moja mama yako aliposhuka sokoni Usa nilichukua ule mpira mpana, nikaufunga kwenye nguzo ya mlango, nikavuta kwa hasira. Nikavuta tena. Kitu kilichanika ndani ya bega, nikakaa chini, jasho limenijaa usoni. Aliporudi hakuuliza kama inauma. Aliutazama mpira ulioning'inia pale, akatua kikapu, akasema, "Ulikuwa unashindana na nani?"

Niliufungua mpira kwenye nguzo. Yale niliyoyapata kwa subira ya majuma mengi nilikuwa nimeyamwaga kwa mchana mmoja. Mzee Naftali alinirudisha kwenye kipande chembamba, na safari hii hata hicho kilikuwa kigumu. Mama yako hakulitaja tena jambo lile. Alikaa kwenye kigoda chake, akashika ncha, tukaanza upya.

Halafu ikaja baridi ya katikati ya mwaka, ile ambayo Meru hauonekani kwa siku nyingi na nguo hazikauki. Mama yako alianza na kikohozi. Akasema ni moshi wa kuni. Kisha homa ikaingia kifuani. Tulimpeleka hospitali, wakafanya waliyoweza, na wewe ukawa unashinda kwa bibi yako. Alirudi nyumbani kwa muda, amekonda, akawa anakaa kitandani na mlango wazi ili aone yadi. Hata hapo aliniambia nilete mpira. Nilikataa, akaning'ang'ania mpaka nikauleta. Alishika ncha kwa muda mfupi jioni moja, nguvu zake zikiwa hazifikii hata zangu, na mimi nikajifanya navuta. Alijua. Tuliendelea hivyo hivyo, yeye akijifanya anashika na mimi nikijifanya navuta, mpaka akalala.

Alifariki kabla jua la Agosti halijatoka.

Mimi ni seremala, Eliaika. Nimetengeneza majeneza ya watu wengi wa mlima huu, na siku ile sikuweza kushika msumeno. Majirani walikuja na mbao, wakafanya kazi nyuma ya nyumba, na mimi nikakaa ndani nikiwasikiliza. Kuna mtu alipinda msumari. Nilisikia kwa mlio wake, nikasikia akiung'oa na kuanza tena. Walifanya kwa upendo na sikuwa na haki ya kulalamika, lakini mlio ule ulikaa nami muda mrefu kuliko nyimbo za mazishi.

Baada ya hapo nilifunga mlango. Sisemi mlango wa nyumba, ule ulikuwa wazi na watu waliingia na kutoka, wakileta ndizi na maziwa. Nilikaa katikati yao na hapakuwa na mtu ndani yangu. Mzee Kartar alipanda njia ile ya utelezi na viatu vyake vya mjini, pumzi zinamkatika, akaja kunipa pole. Nilimsikia akiongea na bibi yako uani. Nililala nikageukia ukutani. Aliketi kwenye kigoda nje kwa muda mrefu bila kunywa hata chai, kisha akashuka. Mzee Naftali alipokuja kuuliza habari za bega nilimwambia limepona, na huku mkono umeganda, siwezi hata kufunga kifungo cha juu cha shati. Wakaacha kuja mmoja mmoja. Nadhani waliona ndivyo ninavyotaka. Mimi mwenyewe nilidhani ndivyo ninavyotaka.

Nawe ulikuwa umerudi kwangu. Ulikuwa bado unang'oka meno ya mbele. Ulikuwa ukitoka shule unaweka ubao wako wa kuandikia, unanipa shikamoo, unapika uji unaoungua chini, tunakula. Watu wawili waliofiwa na mtu mmoja, ndani ya nyumba moja, na kila mmoja alikuwa peke yake. Nikiyakumbuka hayo, hilo ndilo linaloniuma kuliko bega.

Jioni moja ulitoa mpira kwenye msumari ulipotundikwa. Ulichukua kile kipande chembamba, ukaja ukasimama mbele yangu, ukaninyooshea ncha.

Ukasema, "Baba, shika."

Nikakuambia ukacheze. Hukulia wala hukununa. Ulikaa kwenye kigoda cha mama yako, mpira mapajani, mpaka giza likaingia, kisha ukautundika tena. Kesho yake ulifanya vilevile. Na siku iliyofuata. Nilianza kukasirika, nikakuuliza nani amekutuma kunisumbua.

Ukanijibu bila kuinua macho: "Mama alisema nikushikie. Alisema ukikataa nisilie, nirudi kesho."

Nilikuuliza alisema lini. Ukasema ni siku aliyokuwa akikusuka kitandani. Alikufundisha namna ya kushika, ncha ukiizungusha kiganjani ili isiteleze, na akakuambia unitazame usoni. Mwanangu, mama yako alikuwa amekwisha kujua hatapona, na alikuwa amejua pia nitakavyokuwa. Alikuwa ameniachia mtu wa kunishikia, wala hakuniambia, kwa sababu angeniambia ningekataa.

Nilishika. Mkono haukwenda popote. Ulikuwa umekaza kama bawaba iliyoliwa na kutu, na nilitoa machozi ambayo nilikuruhusu uamini ni ya maumivu. Wewe ukalegeza mara moja. Ulikuwa unanitazama usoni, kama ulivyoagizwa.

Tulianza hivyo. Ilichukua muda mrefu zaidi ya safari ya kwanza, kwa kuwa bega lililoachwa ni gumu kuliko bega lililovunjika. Nilikwenda kwa Mzee Naftali nikamwomba radhi kwa kumdanganya. Alinishika mkono, akaupandisha mpaka ulipogoma, akasema tutaupata, ila si wote. Alituonyesha mengine: kuvuta kuja kifuani kama mtu anayepiga msumeno, kuinua mkono mbele na mpira umekanyagwa kwa mguu, kutembeza vidole ukutani. Alitufundisha kuukagua mpira kabla ya kuuvuta, kuutandaza mbele ya mwanga tuone kama una nyufa, na kutouacha juani. Watoto wa jirani walikuwa wakikuomba vipande vya kutengenezea manati, nawe ukiwanyima kwa ukali wa mwenye duka.

Kuna siku ambayo hatujawahi kuitaja. Ulikuwa umetoka shule umechoka, ukasinzia, ncha ikakuponyoka na mpira ukanichapa mdomoni. Nilikupigia kelele. Maneno niliyosema siyarudii hapa, nadhani unayakumbuka. Ulitoka mbio ukaingia kwenye mibuni. Mwanzo nilikaa nikishika mdomo wangu, nikijiona mimi ndiye niliyeonewa. Kisha nikaona kigoda hakina mtu. Nilikutafuta mstari kwa mstari, nikakukuta umejikunyata chini ya mti, umejifunika kichwa kwa majani ya mgomba. Nilikuambia kosa lilikuwa langu, kwamba mtoto hashiki uzito wa mtu mzima kila siku asichoke. Ulikubali kurudi lakini hukutaka kutembea. Mkono wangu haukuweza kukubeba, kwa hiyo nilileta kanga ya mama yako nikakufunga mgongoni, msichana mkubwa, miguu inaning'inia, na jirani aliyetupita njiani aligeuza uso ili asitucheke. Ulilala hapo mgongoni. Tangu siku ile nilikuwa nakuuliza kwanza kama umechoka, na siku ukisema ndiyo nilifunga mpira kwenye nguzo, nawe ukakaa tu karibu.

Mkono ulirudi. Si wote, alisema kweli. Unajua siwezi kufikia kenchi za paa, na siku za mvua ya mfululizo nafungwa vifungo na wewe. Lakini siku niliyoweza kusukuma randa kutoka mwanzo wa ubao mpaka mwisho wake bila kusimama, nilichukua kipande cha mbao ngumu ya mloliondo nilichokuwa nimekihifadhi, nikatengeneza msalaba wa mama yako. Ulipiga msasa wewe. Tulikwenda kuusimika mimi na wewe, na bibi yako akaja na miche ya masale ya kupanda pembeni. Msalaba ulikuwa umechelewa sana, kaburi lilikuwa limeshatitia. Lakini hakuna msumari uliopinda.

Mjini nilishuka baadaye. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia Mzee Kartar kuhusu siku ile niliyomgeuzia mgongo. Alikuwa amevaa miwani yake akipima mbao. Aliutazama mkono wangu, akasema, "Kazi ya benchi ipo, ya malori achana nayo." Nikaanza kusema yale maneno yangu, akanisogezea ubao nimshikie upande wa pili. Nilirudi huku na kazi za madirisha na meza, nikafungua benchi hili nyumbani. Sikutaka tena kuwa baba wa Jumamosi.

Sasa unakwenda mbali, ng'ambo ya Dodoma, kwa watu wanaosema lugha ambayo hata salamu yake siijui. Utakuwa mpweke. Sitakudanganya kwamba hutakuwa. Zipo jioni ambazo wenzako watacheka bwenini na wewe utaona kicheko chao kiko upande wa pili wa mto. Ninachoweza kukuambia ni kile nilichokifanya mimi, ili ukijiona unakifanya ukitambue. Nilidhani upweke ni kitu kinachoniheshimu nikikaa nacho kimya. Nilidhani mtu akija mlangoni anataka kuona nimeanguka, kumbe alikuwa ametembea utelezi wote ule ili tu akae kwenye kigoda. Kama kuna atakayekuja kukaa karibu nawe, hata kama hana la kusema, hata kama anakuudhi, mwache akae. Na ukiumia, uso wako usiufiche. Mtu hawezi kulegeza asipoona.

Wewe nimekuelemea mapema. Mtoto wa umri ule alipaswa kuruka kamba, akawa anamshikia baba yake mpira. Bibi yako husema ndiyo maana una mikono yenye nguvu na unacheka kwa nadra. Hilo la pili linanisumbua. Huko uendako hakuna mtu wa kuuguza. Ucheke, hata kwa vitu vya kijinga. Ukichelewa kuniandikia kwa sababu umecheka na wenzako mpaka taa zikazimwa, sitauliza.

Namna nitakavyokuwa mimi usiipime ukiwa huko. Ninaogopa, ndiyo. Niliogopa tangu barua ya chuo ilipofika, nikaficha kwa kukuuliza maswali ya viatu. Nyumba hii nimewahi kukaa ndani yake peke yangu nikiwa na wewe, sasa nitakaa peke yangu bila wewe, na sijui kama ni jambo moja au mawili.

Nasikia sauti yako na ya bibi yako pale juu kwenye kona ya njia, mnaagana tena, nadhani anakuongezea kitu cha kubeba. Nitaiweka karatasi hii katikati ya Biblia yako, uikute ukiwa umeshapita mbali usiweze kurudi kunijibu.

Jambo moja ulijue. Jana niliposhuka mjini kuulizia basi nilipita Sekei kwa shangazi yako. Nilimwomba kesho, basi likishaondoka, nilale kwake, na kesho kutwa pia kama hapana shida. Sijawahi kumwomba kitu tangu tukiwa watoto. Alikuwa anafua. Alijikausha mikono, akaingia ndani, nikamsikia akivuta godoro.

Ni mimi, baba yako.